Daftari la Mpangaji

Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, yapata saa nne kasorobo, umeme ulipokatika karibu Kenya nzima kwa pigo moja, mimi nilikuwa nimeketi sebuleni kwangu South C na kikombe cha kahawa mkononi, wala sikudhani hata kidogo kwamba giza lile lililowafunika mamilioni ya watu, kuanzia uwanja wa ndege hadi vibanda vya mboga vya Kangemi, lilikuwa na neno la kuniambia mimi peke yangu. Hazikupita dakika kumi simu yangu ikalia. Alikuwa mpangaji wangu, muuguzi ambaye usiku huo alikuwa zamu hospitalini, naye alisema kwa upole ulionitia haya kuliko ambavyo ukali ungenitia: "Shikamoo, Mzee. Nisamehe kwa saa hii. Alamu inalia tena, na watoto wako peke yao na msichana wa kazi."

Neno lililonichoma ni hilo "tena". Alikuwa amehamia katika nyumba yangu ya Mountain View mwezi Januari wa mwaka ule, na tangu masika ya Aprili alikuwa amenipigia simu kwa shauri lilo hilo moja mara nyingi hata nikaacha kuhesabu. Kila mara nilimjibu kwa maswali: nani amegusa kibao cha nambari, watoto wanachezea wapi, mlango wa jikoni umefungwa kwa komeo au umerudishwa tu? Nilitumikia ofisi ya bima katikati ya jiji kwa miaka 29, kazi yangu ikiwa kupima madai ya watu walioibiwa na ya watu waliosema wameibiwa, na mtu akikaa muda huo wote akichokora maneno ya wenziwe atafute palipo na uongo, tabia hiyo haimwachi siku anapokabidhi ufunguo wa meza yake. Humfuata nyumbani, ikaketi naye, ikampokelea simu zake. Aliponieleza kwamba taa ndogo ya manjano juu ya kile kibao haizimiki, nilimwambia ni jambo la kawaida, asiiguse. Sikuwa na ilimu yoyote juu ya taa ile. Nilitaka tu mazungumzo yaishe.

Nyumba yenyewe ni ya mawe, ya vyumba vitatu vya kulala na paa la vigae, kando ya barabara ya Waiyaki mtu akielekea magharibi, na ng'ambo ya barabara ndiko Kangemi. Niliinunua kwa mkopo mwaka 1994. Kengele ya wezi tuliitia mwaka 2005, baada ya wezi kuingia kwa dirisha la jikoni tulipokuwa Lamu kwa arusi ya mpwa wangu, na aliyelishika shauri hilo mpaka likatimia alikuwa mke wangu, kwa maana yeye ndiye aliyerudi akazikuta nguo zake zimetandazwa sakafuni na kukanyagwa. Alipofariki mwaka 2017 sikuweza tena kukaa katika vyumba vile. Nikahamia South C, karibu na msikiti na karibu na binti yangu, nikampa wakala nyumba aipangishe. Katika mkataba niliiandika kengele ile miongoni mwa fadhila za nyumba, na kwa ajili yake nikaongeza kodi. Nayataja hayo kwa sababu mtu anayetoza kodi kwa ajili ya kitu amekubali, apende asipende, kukijua kitu hicho.

Basi nilipata teksi. Taa za barabarani zilikuwa zimekufa kote, na tulipoipita Westlands, njia kuu za juu na za chini zikiwa hazina mwanga ila wa magari yenyewe, dereva hakusema neno, nami sikuwa na la kumwambia. Niliposhuka langoni Mountain View nilisimama, kwani nilisikia jambo ambalo sikulitarajia. Kengele yangu haikuwa peke yake. Kutoka nyumba moja ya jirani, na nyingine mbele yake, na kutoka upande wa Loresho mbali gizani, ving'ora vilikuwa vikilia kwa sauti mbalimbali, kimoja kikipanda na kushuka, kingine kikitoa mlio mmoja usiokata pumzi, na mbwa wakivijibu. Na katika mtaa wote ule, wenye nyua ndefu na nyaya za umeme juu ya nyua, hapana mtu hata mmoja aliyekuwa ametoka nje, hapana dirisha lililofunguliwa, hapana sauti iliyouliza kuna nini. Askari wa lango alikuwa ameketi juu ya kiti cha plastiki, kabuti amejifunika hadi masikioni. Nilimwuliza kwa hamaki kwa nini hakuna aliyekwenda kutazama. Alisimama kwa adabu, akanijibu, "Mzee, hiyo ya kwako tumeizoea."

Gari la walinzi, ambalo kampuni yake nilikuwa nikiilipa kila mwezi ili ije mbio mtambo unapoita, halikuja usiku ule. Mara tatu za mwanzo lilikuwa limekuja kwa haraka ya kusifika, lisikute mwizi. Baadaye likawa linakuja polepole. Mwishowe likawa linapiga simu kwanza.

Mimi ni mzaliwa wa Lamu, na kule tulionyeshwa siwa ya Pate, ile ya pembe ya ndovu iliyotunzwa katika makumbusho ya mji, tukaelezwa na wazee kwamba haikupulizwa ovyo, bali kwa mambo makubwa ya watu wakubwa, arusi zao na sherehe zao, na kwamba mlio wake uliposikika kila mwenye masikio aliacha alilokuwa akilifanya. Wahenga nao wamesema kwamba mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Maneno hayo niliyatamka tangu utotoni pasipo kulitambua sharti lililomo ndani yake, kwamba mbiu isiwe imekwisha kulia mara kumi pasipo jambo. Ng'ambo ya barabara, Kangemi, mtu akipiga ukunga usiku hujibiwa na miguu mingi mara moja. Sitaki kulisifu jambo hilo kupita kiasi, kwa maana wapo waliouawa kwa mawe na fimbo katika makundi ya namna hiyo kwa kushukiwa tu, na damu yao haina udhuru. Lakini pale langoni, nikiwa nimesimama kati ya ving'ora visivyo na mjibu, niliwaonea wivu watu ambao sauti ya mwanadamu bado huwaamsha.

Nilibisha hodi mlangoni. Nilisikia minong'ono, kisha sauti ya mtoto wa kiume, asiyezidi miaka tisa, ikasema kwa ukakamavu, "Mama amesema tusimfungulie mtu." Nikamwambia mimi ni mwenye nyumba. Akajibu tena vilevile, ila safari hii sauti yake ilitetemeka. Ufunguo wa mlango ule nilikuwa nao mfukoni, na nambari ya siri ya mtambo nilikuwa nayo kichwani, lakini nilitambua ya kuwa kitasa kikizunguka katika giza lile mtoto yule ataona ndicho hasa alichokuwa akikiogopa kimetokea. Nikaketi varandani. Nilimpigia mama yake, naye akazungumza na wanawe kwa simu, nami nikakaa pale hadi king'ora kilipoanza kupwaya, sauti ikafifia kama ya mtu aliyekaukwa koo, kikanyamaza. Nikalala kwenye kiti cha miti hadi alfajiri.

Mpangaji wangu alirejea saa mbili asubuhi, macho mekundu kwa kukesha, na kabla hajavua viatu aliniandalia chai kwenye jiko la gesi. Nilianza kuomba radhi. Hakunikatiza, alingoja nimalize, kisha akaleta daftari la shule lenye jalada la buluu, akaliweka mbele yangu. "Sisi wauguzi tumezoea kuandika, Mzee. Mgonjwa akikuambia anaumwa, unaandika saa, unaandika ameumwa wapi, unaandika alikuwa anafanya nini. Sikujua nitampa nani, lakini nimeandika." Ndani yake mlikuwa na mistari 11, kila mmoja na tarehe, na saa, na mahali kila mtu wa nyumba alipokuwa, na urefu wa mlio, na safu ya mwisho aliyoipa jina la "stima". Katika mistari 9 safu hiyo ilisema: imepotea. Nilivaa miwani nikausoma ukurasa ule mara mbili. Mambo hayo yote alikuwa amekwisha kunieleza kwa simu, moja moja, kila lilipotokea, na mimi katika miaka yangu ya kusoma madai sikuwahi kuletewa maelezo yaliyonyooka kuliko yale.

Jumatatu nilishuka mjini, barabara ya Luthuli, iliyopewa jina la Albert Luthuli wa Afrika Kusini, aliyetunukiwa nishani ya Nobeli ya amani ya mwaka 1960. Tangu nilipofika Nairobi nikiwa kijana, huko ndiko watu walikokwenda kutafuta redio, spika, nyaya na kila kitu chenye moto wa umeme ndani yake, na tangu njia za miguu zilipopanuliwa mwaka 2019 mzee kama mimi aweza kutembea pale bila kusukumwa. Nilimpata fundi wa makamo, mtu wa maneno machache, nikaondoka naye kwa matatu ya Kangemi. Nyumbani mpangaji alimpa lile daftari kabla hajafungua begi lake. Alilisoma akiwa amesimama, akageuza ukurasa, akarudi nyuma, kisha akasema, "Huyu mama ameshanimalizia nusu ya kazi."

Alifungua sanduku la mtambo lililokuwa ndani ya kabati la ukumbini. Mlikuwa na betri nyeusi ya volti 12, ya namna ambayo hudumu miaka mitatu, minne, ikitunzwa sana mitano, na ubavuni mwake mkono wa fundi mwingine ulikuwa umeandika kwa kalamu: Machi 2015. Aliipima, nayo ikasoma vizuri, nikataka kusema kwamba basi siyo. Akaomba subira, akaiunganisha na taa ndogo ili ifanye kazi, na papo hapo namba zikaanguka kama jiwe kisimani. Betri iliyochoka, alinieleza, hujibu vyema ukiipima bure. Uitwike mzigo ndipo uijue. Maadamu stima ilikuwapo, mtambo uliishi kwa stima. Stima ilipokatika, betri hiyo ilikuwa haina cha kuupa, na mtambo wote ukafa. Sasa king'ora cha nje, kilicho juu ukutani, kina betri yake ndogo, na kimeundwa kwa makusudi kwamba muda wote kisikie moto ukitoka ndani. Siku kitakapoukosa, kitajua mwizi amekata nyaya, kipige kelele kwa nguvu zake chenyewe. Kwa hiyo kila umeme ulipopotea, king'ora kile kiliamini kwa dhati kwamba nyumba imevamiwa. Taa ya manjano niliyoiita ya kawaida ilikuwa ikisema, tangu siku ya kwanza, kwamba betri imekufa.

Nilivutiwa sana na maelezo hayo, na baadaye nikasoma kwamba Augustus Pope wa Somerville, karibu na Boston, alipopewa hataza ya kengele ya umeme ya kuzuia wezi mwaka 1853, mtambo wake ulikuwa na mkondo uliofungika mlango ulipofunguliwa, na kengele ikaendelea kulia hata kama mwizi ameurudisha mlango. Mitambo ya siku hizi aghalabu imegeuza kanuni hiyo: mkondo hupita daima katika waya, na sumaku ya mlangoni huushikilia, hata ikawa amani ya nyumba ni ujumbe unaotumwa kila nukta, niko salama, niko salama, na hatari ni pale ujumbe unapokoma.

Ilibaki mistari miwili ambayo safu ya stima ilisema: ipo. Wa kwanza ulikuwa wa Jumapili saa tano, watu wote wakiwa kanisani. Fundi alipanda ngazi, akafungua sensa ya ukumbini, ile inayohisi joto la kiumbe kinachopita, akatuonyesha ndani yake mayai mawili meupe ya mjusi kafiri. Akalicheka jambo hilo, na mpangaji akacheka, nami nikacheka nao. Wa pili ulikuwa wa Alhamisi moja ya mwezi Juni, saa nne asubuhi: hakuna mtu nyumbani, stima ipo, imelia dakika mbili, kisha imezimwa. Neno "imezimwa" lilikuwa limepigiwa mstari chini yake mara mbili. Nilijua nini kinakuja, na moyo wangu ulianza kwenda mbio.

Fundi alibonyeza kibao, akaanza kusoma kumbukumbu za mtambo. Saa zake zilikuwa zimevurugika, alisema, kwani kila umeme ulipokatika saa ya mtambo ilianza upya, lakini mfuatano wa mambo ulikuwa palepale. Akatafuta, akatafuta, akasema, "Hapa. Mlango wa mbele umefunguliwa, muda wa kubonyeza umepita, imelia, halafu imezimwa kwa nambari ya mtumiaji wa kwanza." Akamgeukia mpangaji. "Wewe ni wa tano. Wa kwanza ni nani?"

Ni mimi. Alhamisi ile nilikwenda kuitazama dari ya chumba cha nyuma, iliyokuwa na unyevu, ili nijue rangi itanigharimu kiasi gani, na kwa kuwa nilijua yeye yuko kazini na watoto wako shule niliona si lazima kumpigia simu. Miwani nilikuwa nimeisahau, nikakosea nambari, kengele ikalia, nikaizima, nikatazama dari, nikaenda zangu. Jioni alinipigia, akaniambia majirani wamesikia alamu na kwamba mtu ameizima, na mtu huyo lazima anaijua nambari. Ndipo mimi, kwa kuona haya, nikamwambia kwamba huenda mtambo umejizima wenyewe.

Nilieleza hayo yote palepale, mbele ya fundi. Mpangaji wangu hakupandisha sauti. Alisema tu kwamba tangu siku hiyo, kila usiku asiokuwa zamu, huisukuma meza ya jikoni akaiegemeza mlangoni, na usiku wa zamu humwamuru msichana afanye vivyo hivyo. Nikakumbuka kwamba usiku wa giza, nilipokuwa nje nikibisha, nilisikia kitu kizito kikikokotwa sakafuni. Miezi miwili mwanamke yule na wanawe walilala nyuma ya meza kwa kumwogopa mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa mimi.

Kwetu Lamu nyumba ina daka mbele ya mlango, na mgeni hubisha hodi akiwa pale, hata awe ndugu wa damu, akangoja aitikiwe. Na asipoitikiwa, hurudi. Kurani imeamrisha hivyo katika Surati Nuur, kwamba watu wasiingie nyumba zisizo zao mpaka watake idhini na kuwasalimu walio ndani, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 31, imeulinda usiri wa mtu na wa makazi yake. Mimi niliyajua yote mawili. Ila nilikuwa nikisema moyoni, nyumba isiyo yangu, ilhali hii ni yangu, hati yake iko katika sanduku langu. Na sikutambua kwamba siku niliyopokea kodi ya kwanza niliuza, mwezi kwa mwezi, haki ya kuvuka kizingiti kile bila kuitwa. Wako wenye nyumba wengi Nairobi wanaofikiri kama nilivyofikiri. Nawasihi wayapime haya.

Kabla ya kufunga sanduku fundi alitusomea nambari za siri zilizokuwa bado hai. Zilikuwa 6: yangu, ya marehemu mke wangu, ya mpangaji wa kwanza aliyehama zamani, ya wakala ambaye hata kazi hiyo ameiacha, ya mpangaji wa sasa, na ya mtunza bustani niliyemwachisha mwaka 2016. Nyumba niliyoitangaza kuwa ina ulinzi ilikuwa wazi kwa watu ambao wengine sikujua hata wanaishi wapi. Fundi alizifuta moja moja. Alipofika ya pili aliniuliza, nikakaa kimya kidogo. Ilikuwa tarehe aliyozaliwa binti yetu. Mpangaji akasema, "Hiyo mwaweza kuiacha, Mzee." Nikamwambia fundi aifute, na yangu pia aifute, na nambari kuu ya mtambo ampe mpangaji, naye aiandike mwenyewe, sisi sote tukiwa tumempa mgongo.

Betri mpya haikufika shilingi elfu tatu. Umeme ulipokatika tena nchini tarehe 11 Novemba, nilikaa na simu mkononi hadi saa sita za usiku, isilie. Ulipokatika tena tarehe 10 Desemba, nilipata ujumbe mfupi: "Mzee, stima imeenda. Kumetulia. Watoto wamelala."

Mwezi Januari nilitaka kuutazama mfereji wa jikoni. Nilimpigia simu siku tatu kabla, akanipa Jumamosi saa kumi. Nilifika kasorobo. Askari wa lango alinifungulia, nami nikatembea hadi mlangoni, nikabisha hodi, nikarudi nyuma hatua mbili. Ndani nilisikia miguu ya mtoto ikikimbia, kisha ikasimama nyuma ya mlango.

"Nani?"

Nikamtajia jina langu.

"Ngoja nimuulize mama," akasema, nami nikangoja.